Vidonge vya Rubona

— Baba Salma, Akaliza ni nani?

Dauda aliacha kutafuna. Nadra, mkewe, alikuwa ameshika simu ya mumewe, na ujumbe ulikuwa wazi: «Usinifiche kitu. Kuja mardi peke yako, tuongee muzuri. Akaliza.»

— Ni mutu ya kazi.

— Kazi gani? We unaendesha bisi ya Kigali. Akaliza naye anaendesha nini?

— Wacha nikule, Nadra.

Akanywa kikombe cha maji chote, akajaza kingine. Miezi miwili sasa mdomo wake ulikuwa ukikauka kila alipoulizwa jambo. Nadra alikuwa fundi cherehani, amezoea kumpima mtu kwa macho, na alishaamua kwamba ule ni ukavu wa uongo. Mume amehamia kwenye kochi. Mume anafua suruali zake mwenyewe. Na kila Jumanne, hiyo «mardi» ya ujumbe, siku yake ya mapumziko, anakwenda Rubona, kando ya ziwa, na kurudi bila hata samaki mmoja.

Jumanne hiyo Nadra alifunga cherehani, akamfuata. Alimwona akiingia famasi ndogo karibu na bandari na kupita moja kwa moja nyuma ya pazia, kama mwenyeji. Akalivuta lile pazia.

— Ni huyu?

Mwanamke mwenye koti jeupe alisimama.

— Mama, huku haturuhusu watu.

— Mi ni bibi yake! We ni nani yake?

— Mi ni Akaliza, namuuzisha dawa. Ya mugonjwa siwezi kukuambia. Aseme mwenyewe.

Dauda alikuwa ameinama, kikasha cha vidonge mkononi.

— Iko sida? Ukimwi? Sema, Dauda.

— Apana. Ni mukojo. Ikikuja haingoji. Mara tatu nilisimamisha bisi njiani, abiria wakanicheka. Mara ya ine sikuwahi. Niliendesha mpaka Musanze nguo imelowa. Hizi dawa zinatuliza kibofu.

Nadra akakaa.

— Na kochi?

— Niliogopa kulowanisha kitanda.

— Nilikuzalia batoto babili, Dauda. Uliniona na damu, uliniona na matapishi. Leo unanionea haya juu ya mukojo?

Akaliza alimtazama Dauda, naye akaitika kwa kichwa.

— Bon, mama, mi nilimwita juu ya hii: anakunywa mara mbili ya kipimo. Ndiyo inamukausha mudomo. Uliza macho yake.

— Macho imefanya nini?

— Ukungu kidogo tu, alisema Dauda.

— Ukungu! Na kesho unabeba batu kwenye milima?

— Patron akijua, kazi imekwisha.

— Basi mi namupigia.

— Ukipiga hiyo simu, Nadra, sitakusamehe.

Alipiga papo hapo, mumewe akimtazama.

— Allô, patron Karekezi? Ni bibi ya Dauda. Kesho musimupe bisi. Dawa anayokunywa inamupunguzia macho.

Siku tisa Dauda hakumsemesha. Walikwenda hospitali pamoja. Daktari alimpima sukari na tezi dume, akakuta viko salama, akambadilishia dawa na kumfundisha kwenda haja kwa saa maalumu. Karekezi hakumfukuza, alimweka auze tiketi. Taratibu ukungu ukaondoka, na suruali zikabaki kavu.

Mwezi ulipoisha, Dauda alisimama mlangoni pa duka la ushonaji, wateja wakiwa wamejaa.

— Mama Salma, patron amenirudishia bisi.

— Nimesikia.

— Nilisema sitakusamehe.

— Ulisema.

— Mi ndiye naomba samahani. Kesho naenda Kigali. Nataka abiria wa kwanza akuwe we.

Nadra alikata uzi kwa meno, asionyeshe anavyotabasamu.

— Kiti ya mbele?

— Ya mbele kabisa.

— Na mukojo ikikuja njiani?

— Tutashuka wote wawili.