Moteri Inayolia Mlangoni

Saa nne za asubuhi pale Birere, mjini Goma, hata mbuzi akitaka kupita anaomba njia. Siku hiyo Starlet nyeupe ilikuwa imekufa katikati ya barabara. Nyuma yake pikapu iliyobeba mabati ilipiga honi bila kupumzika, na nyuma ya pikapu kulikuwa na chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo, pikipiki zisizohesabika, na mama mmoja wa mikate ambaye alikwisha kutukana ukoo wa kila mtu aliyekuwa mbele yake.

Aliyepiga honi alikuwa Kaswera. Alishuka kwenye pikapu na gauni lake la kitenge cha kijani, mikono ya gauni imevimba mabegani kama mito, nywele zimesukwa jana yake. Chini alivaa raba, maana mawe ya volkano hayaheshimu kiatu kirefu.

“Papa, toa sanduku yako njiani!”

Kichwa kikatoka chini ya kapo, kile kifuniko cha moteri. Kilikuwa cha Hilaire, fundi wa umeme wa jua, mwanaume mrefu, mtanashati kuanzia shingoni kushuka. Usoni alikuwa na oili hadi kwenye nyusi.

“Mama, hii haiko sanduku. Iko na turbo.”

“Turbo ya kusimama?”

Watu wakacheka. Hilaire alimeza tusi. “Mupira wa hewa umechomoka. Collier imekatika. Dakika tano tu.”

“Collier ya ngapi?”

Hapo Hilaire akamtazama vizuri. Wanawake wengi walikwisha kumuuliza gari lile alilinunua bei gani. Hakuna aliyewahi kumuuliza kipimo cha pete ya chuma inayokaza mpira.

“Ya soixante, milimita makumi sita.”

Kaswera alifungua boksi nyuma ya pikapu, maana baba yake alikuwa na duka la vyuma mita mia mbili kutoka pale na yeye ndiye aliyeliendesha. Akamrushia mbili. “Moja ya kufunga, moja ya kuweka. Vile nakuona, utarudi tu.”

Hilaire akakaza, akawasha, akakanyaga mafuta. Gari likapiga kelele, kisha likatoa pumzi kali: pshaaa! Mama wa mikate akaruka.

“Ni nini inapiga chafya vile?” Kaswera aliuliza, akijizuia asicheke.

“Anakushukuru,” Hilaire alisema.

Na kweli alirudi. Kesho yake alitaka skurubu nne. Keshokutwa karatasi ya bati, akate kinga ya kuweka chini ya moteri, mawe ya Goma yasije yakaitoboa. Wiki ya tatu wabeba mizigo wa dukani walikuwa wakisema huyu papa amekwisha kununua misumari ya kujengea kanisa, amuoe tu huyo mtoto wa watu tupumzike.

Mapenzi yakaingia. Na Kaswera akaanza kujua shida.

Kwa maana Starlet ile ilikuwa ya mwaka 1993, nayo ilidai kutunzwa kama mzazi mpya. Oili kabla ya wakati wake. Kichujio cha hewa kipulizwe kila Jumapili, kwa sababu vumbi jeusi la Goma linaingia hata kwenye mayai. Hilaire aliinyanyua ipite juu ya mawe, akaibadilishia bomba, akaitilia kipozahewa cha turbo kilichotoka kwenye gari lililoanguka huko Uganda. Kaswera aliliita gari lile “Mukubwa”, kama mtu anavyomtaja mke wa kwanza.

“Mukubwa ameamkaje?”

“Ameamka vizuri, sukari. Jana alikohoa kidogo.”

“Na miye nilikohoa kidogo. Haukuniuliza.”

Simu zao ndizo zilizokuwa burudani ya duka zima, maana Kaswera hakujua kuongea pole pole.

“Hilaire, uko wapi?”

“Niko nakuja, ma belle.”

“Ulisema uko nakuja saa tisa. Sasa ni saa kumi na moja. Nimevaa, nimejipaka, nimekaa kama picha ya ukutani.”

“Nilikuwa nasafisha filtre ya hewa tu, nikaona...”

“Uko chini ya gari?”

Spana ikaanguka upande wa pili.

“Hilaire, nasikia sauti yako inagonga chuma. Uko chini ya gari!”

“Kichwa tu ndiyo iko chini.”

Kitu kimoja Kaswera alikijua kama anavyojua Baba Yetu, kwa vile alivyoimbiwa: turbo inazunguka kwa moshi wa moto, na oili ndiyo inayoipoza. Ukikimbiza gari halafu ukazima ghafla, oili inaungua humo ndani na turbo inakufa. Kwa hiyo kila walipofika, gari liliachwa likinguruma dakika mbili kabla ya kuzimwa. Dakika hizo walikaa pamoja wakiongea, ama wasiongee. Zilikuwa dakika nzuri. Lakini zilikuwa kwenye kona ya barabara, si nyumbani. Katika nyumba ya Papa Télesphore, baba yake Kaswera, mwanaume ambaye hajajionesha kwa wazazi hafiki mlangoni.

Siku ya kujionesha ikafika. Jumapili, nyumba yao mtaani Katoyi imejaa hadi watoto wamekaa kwenye dirisha. Mbuzi alichinjwa. Tante Katungu, dada ya Papa Télesphore, alisimama mlangoni na beseni la maji, kwani ndiyo desturi yao: anayepokea mkwe hakai mpaka mkwe anawe.

Hilaire alijua ukwe haungoji turbo. Kwa hiyo alikuwa amejifanyia ujanja. Alikuwa ameagiza kutoka Kampala kidude fulani kidogo kinachounganishwa na nyaya: unachomoa funguo, unaenda zako, moteri inabaki inanguruma yenyewe, halafu inajizima. Hakuna mtu wa kungojeshwa. Alijipongeza njia nzima. Ila siku hiyo alitoka kazini Munigi amechelewa, akalikimbiza gari, na kwa usalama akaweka dakika tano.

Akaingia na suti ya rangi ya majivu, viatu vinang'aa, funguo mkononi. Akanawa. Akasalimu. Nje moteri inalia.

Tante Katungu akachungulia. “Umeacha nani ndani ya gari?”

“Hakuna mutu, mama.”

“Hakuna mutu, na inawaka?”

“Inawaka yenyewe.”

“Katika jina la Yesu,” Tante Katungu alisema, na beseni likamwagika nusu.

Lakini si yeye wa kutazamwa. Mama ya Kaswera alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Kaswera mwenyewe alikuwa ametoka jikoni na sahani ya nyama, akasimama. Mchuzi ukaanza kudondoka sakafuni, asiuone.

“Zima,” alisema.

“Itajizima, chérie. Imebakia dakika tatu.”

“Hilaire, zima.”

Kulikuwa na kitufe. Angetoka, angekibonyeza, yangekwisha. Lakini turbo ilikuwa ya moto kutoka Munigi, na Hilaire, mwenye akili zake zote, akachagua kueleza. Akaeleza mbele ya wakwe habari za oili na moshi, na mikono akaizungusha kuonesha turbo inavyozunguka. Alieleza vizuri sana. Moteri ilipojizima nje, Kaswera hakuwapo tena na mlango wa chumba umefungwa.

Papa Télesphore akakohoa. “Mutoto wangu, rudi kwenu. Tutakuita.”

Na sisi tunajua: baba mkwe akisema tutakuita, nenda ukatafute mwingine.

Wiki mbili Kaswera hakushika simu. Hilaire akakasirika naye. Mwanamke gani anavunja uchumba kwa dakika tano? Akamaliza hasira kwenye gari, akafungua hata vitu visivyoumwa. Mwisho akaenda dukani. Hakumkuta Kaswera. Alimkuta Christa, msusi wa saluni ya jirani, mwanamke ambaye siri ikiingia kwake inatoka imesukwa.

“Weye uko mujinga mwenye diplôme,” Christa alimwambia, kitana mkononi. “Hakuna mutu alikuambia habari ya Benny?”

“Benny ni nani?”

Christa akamketisha kwenye kiti cha wateja.

Benny alikuwa mchumba wa Kaswera mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipomwaga moto. Siku tano baadaye, asubuhi, watu walipoambiwa wahame mji, Benny alikuja na jeep ya mjomba wake. Hakuzima. Aliingia, akanywa maji, moteri inalia mlangoni. Akasema, fungeni mizigo, nachukua mama yangu tu, narudi. Wakafunga. Wakakaa juu ya magodoro kando ya njia, Kaswera akisikiliza kila gari, tangu saa mbili mpaka saa nane, na ardhi inatetemeka chini yao. Halafu wakaenda Sake kwa miguu, mama ya Kaswera miguu imevimba. Harusi ilikuwa imepangwa mwezi wa saba. Mwezi wa nane Benny alipiga simu kutoka Kampala kusema harudi tena, waombeane tu.

“Tangu siku ile,” Christa alisema, “kwa ile nyumba moteri ikilia mlangoni, mama anashika kiti. Na weye ukakuja na gari inalia bila hata mutu ndani!”

Hilaire akainuka, akatoka njiani na kitambaa cha saluni bado shingoni.

Jumapili iliyofuata, watu wametoka misa, Starlet ilisimama kwenye kona ya barabara ya akina Kaswera. Ikanguruma dakika mbili. Ikazimwa. Hilaire akashuka, shati jeupe, tai ya bluu, akaweka bega kwenye mlango, akaanza kusukuma.

Barabara ile ni mawe matupu. Hakufika mbali.

“Papa, essence imekwisha?” jirani alimuuliza.

“Essence iko, tanki imejaa.”

“Batri?”

“Batri iko.”

“Sasa?”

“Sukuma kama unasukuma, acha maulizo!”

Wakasukuma. Kufika kwenye mlango wa Papa Télesphore walikuwa watu tisa na kelele za watu tisini. Kaswera akatoka na kitambaa kichwani, mikono imejaa unga wa muhogo, akajishika kiuno.

“Hilaire, ni nini hii?”

“Nimefika bila moteri.” Jasho lilikuwa limeigeuza tai nyeusi.

“Unanipatisha haya mbele ya majirani ya quartier muzima!”

“Nimesikia ya Benny.”

“Christa!” Kaswera alipaza sauti ifike hadi saluni kule Birere. Christa alikuwa karibu zaidi: nyuma ya buti la gari, kati ya wale tisa, akajiinamisha.

“Juu ya nini haukuniambia weye mwenyewe?” Hilaire aliuliza.

“Niseme nini? Kama mwanamuke wa miaka makumi tatu na moja anaogopa sauti ya gari?”

“Ungesema. Miye nakuambia kila kitu ya gari yangu.”

“Hata zile sitaki!”

Wasukumaji wakacheka. Hilaire hakucheka. Akafungua mlango, akamwonesha chini ya usukani nyaya zilizokatwa na kufungwa vizuri. “Kile kidude nimetoa. Siku ile ulisema zima, ningezima. Turbo ingekufa, ningetafuta ingine Kampala. Weye siwezi kukutafuta Kampala.” Akamnyooshea funguo. “Shika.”

Kaswera alizitazama funguo kama mtu anayepewa chenji pungufu. Akafuta unga kwenye nguo. Akaingia, akakaa kwenye usukani.

“Panda.”

“Tunaenda wapi?”

“Nimekuambia panda!”

Wakapanda njia ya Munigi. Kaswera alizoea pikapu yenye tani mbili za mabati. Gari jepesi lile liliruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Hilaire akashika mlango kwa mikono yote miwili.

“Pole pole, sukari! Ile jiwe! Ile jiwe!”

“Unamwonea huruma nani, miye ao yeye?”

“Mwote wawili.”

“Jibu mubaya.” Akakanyaga. Pshaaa! Kicheko kikamtoka kabla hajakikamata, na kikamuudhi.

Waliporudi, nyumba nzima ilikuwa imesimama nje: baba, mama, Tante Katungu na beseni lake. Kaswera akasimamisha gari mlangoni. Moteri inalia. Mkono wake ulikuwa kwenye funguo.

“Dakika ngapi?”

“Umemukimbiza sana. Tatu.” Hilaire akamgeukia. “Lakini zima tu sasa hivi. Zima, Kaswera.”

Alimtazama usoni, akaona kwamba anasema kweli na kwamba kunamuuma. Akatazama mlango. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, macho kwa gari. Moteri ilikuwa inalia na hakuna aliyekuwa anaenda popote. Hakuzima.

Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ilipoanza, Hilaire akaongea akitazama mbele, kama mtu anayeungama.

“Siku ile sikuja kwenu kupita. Nilikuja kukaa. Nataka kukuoa.”

“Na Mukubwa?”

“Mukubwa atalala nje. Na kila siku tukifika nyumbani, weye ndiye utashika funguo.”

“Na siku ya Yenga, kila Jumapili, uko chini ya gari masaa ngapi?”

“Mbili tu.”

“Moja.”

“Moja na nusu, ma belle, filtre peke yake...”

“Hilaire!”

“Moja.”

Kaswera akahesabu kimoyomoyo mpaka dakika ya tatu ikatimia yote. Kisha akageuza funguo. Moteri ikanyamaza, na barabara nzima ikasikia chuma cha moto kikilia ti, ti, ti, chini ya kapo. Akachomoa funguo, akazitia kifuani mwake. Mama yake aliuacha ukuta.

“Nimekubali,” Kaswera alisema. “Na funga mudomo, usinieleze kitu.”

Tante Katungu akagonga kioo kwa beseni.

“Kama turbo imepoa, muingie! Bugali nayo imepoa tangu saa saba, hakuna mutu aliilia machozi.”