Kilomita Tano Bila Kufika

Mwalimu Ezron hakuwa na pikipiki ya kuwafuata wanariadha wake, na hata saa ya kupimia mbio aliiazima shule ya jirani. Kwa hiyo alibuni kipimo chake mwenyewe. Kila mkimbiaji alipewa nyumba ya kufika alfajiri, na kabla ya kengele ya mstarini alitakiwa awe ameleta salamu kutoka nyumba hiyo. Jairo alitumwa kwa mjomba wa Mwalimu, upande wa Igogwe. Tupokigwe, msichana wa darasa la saba na tegemeo la shule katika mbio za mita elfu tatu, alitumwa kwa Bibi Tulinagwe. Huyo alikuwa mama mzazi wa Mwalimu, na aliishi peke yake bondeni, upande wa Matwebe.

Basi kila siku Tupokigwe aliamka mama yake akiwa bado hajawasha moto, akavaa raba, akatoka mbio mtaani kwao Msasani, hapo Tukuyu. Lami ilipoisha alishika njia ya udongo iliyoteremka kati ya chai na migomba. Akifika uani alisalimia kwa lugha ya kwao, "Ugonile, Bibi," na Bibi alitoka jikoni na ndizi ya kuchoma mkononi, akamkagua miguu utadhani ananunua ndama. Kisha alimpa neno la kupeleka. Leo, "Mwambie kuku mweupe ametotoa." Kesho, "Mwambie kifua kimetulia." Tupokigwe aliupanda mlima na neno hilo kinywani, akalikabidhi shuleni, na Mwalimu alianza kufundisha akiwa na moyo uliotulia.

Ikaja mvua ya mwezi wa tatu. Tukuyu mvua si habari, lakini ile ilikosa adabu kabisa. Jumanne ya kwanza Tupokigwe alianguka mara mbili kabla ya kufika nusu ya njia. Alirudi akiwa ametapakaa tope hadi masikioni, akajibanza kwenye baraza la duka la akina Shamsia, rafiki yake wa darasani.

Baba yake Shamsia, mzee Fikirini, aliuza vitenge. Daktari alikuwa amemwonya kuhusu sukari na kitambi, naye akanunua mashine ya kukimbilia iliyokwisha kutumika, akaiweka stoo katikati ya marobota ya nguo. Ilikuwa na mkanda mpana uliozunguka kwa umeme, na mtu alikimbia juu yake bila kuondoka alipo.

"Panda ujaribu, mwanangu," alisema mzee Fikirini. "Mimi dakika kumi tu naona nyota mchana. Ila ujue, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Walicheka wote watatu, na Shamsia aliyemwingiza stoo akiwemo. Tupokigwe akapanda, na alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Hapakuwa na upepo wala jiwe wala kilima. Mkanda ulirudi nyuma wenyewe, mwendo ulipangwa kwa kitufe, na yeye alichotakiwa ni kunyanyua miguu tu. Namba nyekundu zilipoandika kilomita tano, alishuka tope likiwa limemkaukia mwilini. Kwenda kwa Bibi na kurudi ni kilomita tano vilevile, alijiambia, na tano ni tano.

Shuleni Mwalimu aliuliza kama kawaida, "Salamu?"

"Bibi anakusalimu, Mwalimu. Ni mzima."

Maneno yalimtoka yenyewe, na hakuna paa lililomwangukia. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Tupokigwe ilirefuka siku nane, na urefu huo ndio uliomharibu. Kila asubuhi aliikimbilia stoo ya vitenge, na kila asubuhi alibuni neno. Kuku wanaendelea vizuri. Maharage yameota. Kifua hakimsumbui. Na kila siku namba za mashine zilizidi kupendeza, hata akaanza kujiona bingwa kabla ya Jumamosi ya mashindano ya wilaya.

Alhamisi ya wiki ya pili alitoa salamu zake kama kawaida. Mwalimu Ezron alishusha pumzi.

"Ndaga, asante, mwanangu. Simu yake haipatikani tangu Jumatatu. Jana jioni nilishavaa mabuti nishuke, kisha nikasema, ya nini kuhangaika, Tupokigwe amemwona leo leo. Umeniokoa na matope."

Tupokigwe aliitikia kwa kichwa. Alijituliza kwamba simu imeisha chaji tu, kwa kuwa Bibi hakuwa na umeme na dukani kwa kuchajia ni juu barabarani. Alijituliza hivyo vipindi viwili vizima, wala hakusikia hata neno moja la somo.

Wakati wa mapumziko Lusungu, msichana wa ng'ambo ya bonde lile, alimuuliza wakiwa wamejikinga chini ya upenu wa paa.

"Hivi mama yake Mwalimu kahamia mjini? Jikoni kwake hakuna moshi tangu juzi. Nyumbani wanasema lazima atakuwa kwa mwanawe."

"Tangu juzi?"

"Tangu Jumanne jioni. Si wewe unapita kila siku?"

Tupokigwe alitazama upande wa bonde. Kwa baridi ya Rungwe, nyumba yenye mtu hutoa moshi. Alikwenda hadi mlango wa ofisi ya walimu, akamwona Mwalimu Ezron akimweleza mwenzake kwa furaha jinsi binti yule wa mbio alivyopanda kiwango. Alipaswa kuingia pale pale na kusema. Aliogopa. Aligeuka, akaruka uzio wa michongoma, akakimbia.

Alianza kwa mwendo wa kichaa, maana hapakuwa na kitufe cha kumpangia. Kabla hata lami haijaisha pumzi ilikuwa imemkauka. Mvua ilimpiga usoni na upepo ukamsukuma kifua, jambo ambalo stoo ya vitenge haikuwahi kumfanyia. Alipoanza kuteremka ndipo alipoiona adha yenyewe. Kwenye mashine hakuna mteremko. Kwa siku nane mapaja yake hayakuzuia uzito wowote, na vifundo vya miguu vilizoea mkanda ulionyooka. Sasa kila hatua ilidai breki, na mapaja yakatetemeka kana kwamba si yake. Aliteleza, akaanguka kwa makalio, akainuka, akaanguka tena na kupinda mguu wa kushoto. Njia aliyokuwa akiiruka mwezi uliopita kama mbuzi ilimtupa huku na huku.

"Mungu wangu, awe mzima," alisema kwa sauti. "Awe mzima, mengine yote nitayasema."

Uani kulikuwa kimya. Kuku walikuwa wamejikunyata barazani. Aliita, "Ugonile, Bibi," na hakuna aliyeitikia. Alisukuma mlango wa jikoni.

Bibi Tulinagwe alikuwa amelala juu ya gunia kando ya mafiga yaliyopoa. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa, na kifua kilikoroma kila alipovuta hewa. Karibu naye kulikuwa na maganda ya ndizi mbivu na kikombe alichokuwa akikingia maji ya mvua mlangoni. Macho aliyafungua kwa shida.

"Niliteleza," alinong'ona. "Jumanne. Nilikwenda kukata majani ya ng'ombe... nikajikokota mpaka hapa."

Tupokigwe alilia huku akifanya kazi. Alileta blanketi kutoka ndani, akamfunika, akamnywesha maji, akamwekea mto chini ya kichwa ili apumue. Alijaribu kumwinua, akashindwa, na Bibi akapiga kelele ya maumivu iliyomkata maini. Simu ilikuwa juu ya kinu, imezima. Hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuupanda mlima ule kutafuta watu.

Kupanda kulikuwa kubaya kuliko kushuka. Mguu wa kushoto ulikataa kukanyaga, akashika nyasi kwa mikono na kutambaa penye utelezi mwingi. Mara tatu aliketi chini akidhani hawezi tena. Kila alipoketi alisikia mkoromo ule masikioni, akainuka. Alifika barabarani hana sura ya mtu. Wilson, dereva wa bodaboda aliyekuwa akingojea mvua ipungue kibandani, alimkimbilia.

"We mtoto, nani kakufanya hivi?"

"Nipigie Mwalimu Ezron. Mama yake."

Wilson alikuwa na namba, kwani Mwalimu alikuwa mteja wake. Alimpa simu. Tupokigwe aliishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, Bibi amevunjika mguu tangu Jumanne. Yupo jikoni, anapumua kwa shida."

"Jumanne ipi? Si umemwona leo?"

Hapo ndipo mlima wenyewe ulipokuwa. Angeweza kusema alikosea siku. Angeweza kusema Bibi alimficha. Alifumba macho.

"Sikumwona, Mwalimu. Sijamwona siku nane. Nilikuwa nakimbia kwenye mashine ya akina Shamsia. Zile salamu nilikuwa natunga."

Simu ilikatika.

Mwalimu alifika na wanaume wa kutosha. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi katikati kuwa machela, wakamtoa Bibi bondeni kwa kupokezana mabegani, mvua ikiwanyeshea. Mwalimu alipita mbele ya Tupokigwe mara mbili bila kumtazama. Afadhali angemchapa. Gari lilipoondoka kwenda hospitali ya misheni, Tupokigwe alibaki kando ya barabara na mama yake, aliyekuja mbio aliposikia habari.

Ijumaa ilipita bila habari. Tupokigwe hakula. Aliposikia mtu akipiga hodi alijificha chumbani, akiamini ni taarifa ya msiba. Jioni alimpelekea mwalimu mkuu jezi, akaomba jina lake liondolewe kwenye timu, na nafasi akapewa Lusungu. Jumamosi Lusungu alishika nafasi ya tano, ambayo si haba kwa mtu aliyeitwa jana yake.

Jumapili baada ya ibada ndipo Mwalimu Ezron alipokuja mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Anakuita," alisema tu.

Wodini Bibi alikuwa ameegemezwa mito. Mguu ulifungwa plasta, na sindano za nimonia zilikuwa zimeanza kukishinda kile kifua. Tupokigwe alipiga magoti kando ya kitanda.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sogea." Sauti ilikuwa ndogo, lakini kali. "Ezron kaniambia nilikuwa namtumia salamu. Zile siku nane nilisema nini?"

Tupokigwe alitamani sakafu ipasuke. "Ulisema... kuku wanaendelea vizuri. Ulisema maharage yameota. Ulisema kifua hakikusumbui."

"Mimi nilikuwa nakungoja," alisema Bibi. "Zile siku za mwanzo nilisema mvua imekuzuia, si kitu. Jumanne nilipoanguka nikasema, kesho mtoto atashuka tu, Ezron hawezi kumwacha apumzike karibu na mashindano. Jumatano alfajiri nilikaa macho nisikilize mguu wako. Hukuja. Alhamisi nikakaa macho tena."

Tupokigwe alilia mbele ya wodi nzima, na hakuna aliyeharakisha kumnyamazisha. Alipopata pumzi aliomba msamaha, si kwa maneno mazuri, ila kwa yale aliyokuwa nayo. Bibi alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo kwa muda mrefu.

"Nimekusamehe. Saa ile uliyokuja, ulikuja kweli. Ila usinifanyie tena mimi, wala mtu mwingine."

Mwalimu Ezron alikuwa amesimama dirishani. Alivuta kiti, akaketi.

"Nilikuwa na hasira nikashindwa kusema na wewe," alisema. "Sasa sikiliza. Mashine ile haina kosa. Siku ya radi kimbia juu yake, na mbele yake uinyanyue kidogo ili miguu ionje mlima. Hata magoti huyahurumia kuliko lami. Mzee Fikirini imemsaidia, sukari imeshuka. Lakini haikufundishi upepo, utelezi wala mteremko, na wewe mwenyewe umeyaona Alhamisi. Mvua ilipokushinda ungeniambia, Mwalimu, njia haipitiki, nakimbilia stoo. Ningekuruhusu, na siku hiyo hiyo ningeshuka mwenyewe kumwona mama."

"Nilitaka uone nimekimbia, Mwalimu."

"Na kweli ulikimbia. Kilomita tano kila siku, sikatai." Mwalimu aliutazama mguu wa mama yake uliofungwa plasta, kisha akamtazama yeye. "Kukimbia unaweza ukakimbia palepale ulipo, mwanangu, na jasho likakutoka la haki. Lakini palikuwa na mtu mwisho wa njia. Mimi nilikutuma ufike."