Gia ya Lori la Abah Karta

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, Entin alikuwa hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa mdogo wake Cecep alipompigia simu akilia kwamba ameibiwa. Entin alistaafu upelelezi wa polisi wa Bandung mwaka jana tu, na tangu hapo ukoo mzima ulimfanya kituo cha polisi kisichofungwa. Kuku kapotea, aitwe Entin. Kandambili zimebadilishwa msikitini, aitwe Entin. Alivaa koti, akakata katikati ya soko akinung'unika njia nzima.

Alimkuta Cecep kwenye karakana yake, kashika kichwa. Mezani lilikaa lori jekundu la rimoti, refu kama mkono wa mtu mzima.

"Umeibiwa nini? Si lori hilo hapo!"

"Gia ya mota, Ceu, dada yangu. Ile ndogo, ya ukubwa wa ukucha."

"Umenitoa kwenye kahawa yangu kwa ajili ya ukucha?"

"Ceu, bila gia ile lori haliendi hata hatua moja. Na kesho ni siku ya Abah Karta!"

Hapo Entin akalisogelea lori, maana habari ya Abah Karta aliijua. Mzee huyo ndiye aliyeanzisha chama chao cha malori ya rimoti, na lori hili alilinunua miaka arobaini iliyopita, likiwa na injini ya mafuta inayonguruma na kutoa moshi. Sasa mapafu yake yalikuwa mabovu na daktari alimkataza moshi kabisa. Cecep alikaa na lori lile miezi mitatu: akalinyoosha bodi, akalipaka rangi, akang'oa injini, akatia mota ya umeme. Kesho Abah angeliendesha mbele ya chama kizima, na kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyesema, kwamba huenda ikawa mara ya mwisho.

"Nunua gia nyingine."

"Haiuzwi popote! Meno ya gia za zamani hayalingani na ya siku hizi. Ile niliichonga mwenyewe, nikaharibu vyuma kumi na moja kabla sijaipata."

Entin alivaa miwani. Mwizi alikuwa amelegeza skrubu ndogo kwa alenki, ule ufunguo mwembamba wa pembe sita, na kuichomoa gia. Kuizunguka skrubu, chuma kilijaa mikwaruzo, kana kwamba kuku amedonoa hapo akikosa punje. Mhimili wa mota ulikuwa umefutwa vumbi na kupakwa mafuta mepesi. Lori lenyewe lilikuwa limeinuliwa juu ya kopo la biskuti, magurudumu yakining'inia.

"Kopo hili uliliweka wewe?"

"Hapana. Mimi nililiacha mezani, nikalifunika kitambaa. Leo asubuhi ndiyo nimefunua."

"Mwizi aliyepaka mafuta na kulinda matairi yasibonyee," alisema Entin. "Hata vibaka wenu hawana akili timamu. Mlango?"

Cecep alijikuna shingo. "Jana nilikwenda swala ya Ijumaa. Sikufunga."

"Cecep!"

"Ni dakika chache tu, Ceu! Halafu nikapitia kununua bala-bala za mboga, za moto kutoka kikaangoni. Niliporudi niliwakuta watu watatu wamekaa wananisubiri: Abah Karta, Kang Oded na Nana."

Entin aliagiza wote watatu waitwe. Nana alitangulia, kijana wa duka la betri na mota, ambaye mara mbili alijaribu kulinunua lori lile akakataliwa.

"Sasa litauzwa rahisi, siyo?" Entin alimrukia.

"Ceu, mimi nilifika wa mwisho, wenzangu wameshakaa. Muulize yeyote." Aliinama kuutazama mhimili, akakunja uso. "Nani kapaka mafuta hapa? Mota ya umeme hatuipaki mafuta namna hii, vumbi lote linanata! Hiyo ni tabia ya wazee wa injini."

Oded aliingia akiwa tayari na hasira. Yeye ndiye aliyeuza mafuta ya injini ndogo kwa chama chote, na kwa miezi mitatu alikuwa akitangaza kila penye watu kwamba lori lisilonguruma ni maiti.

"Jana ulifika hapa saa ngapi?" aliuliza Entin.

"Nini?"

"Ulifika SAA NGAPI?"

"Usinipigie kelele, mimi si mtoto! Nilitoka msikitini nikiwa safu ya mbele, nikasubiri watu watoke. Nilimkuta Abah ameshakaa. Mnanishuku mimi? Nilisema na nasema tena, umeme ni upuuzi! Lakini gari la Karta siwezi kuligusa. Nikitaka kuliharibu nitakuja na nyundo, nyote mkiwa mnaona!"

Entin alishusha pumzi. Mzee huyu alimchosha kuliko majambazi watatu. Alimsukumia alenki na skrubu nyingine ya aina ile ile.

"Ifunge."

"Nini?"

"FUNGA HIYO SKRUBU!"

Oded aliipokea, akaitumbukiza tunduni bila hata kuitazama, macho yake yakiwa bado yanamchoma Entin. Hakukwaruza chochote. Cecep alileta kahawa na bala-bala, na Oded akajimiminia hadi ukingoni pasipo tone kumwagika.

Abah Karta alifika mwisho, polepole, akikohoa. Alikaa karibu na mlango, mikono akaificha ndani ya saruni. Asubuhi ilikuwa na baridi, hakuna aliyeshangaa. Cecep alimnyooshea kikombe.

"Weka hapo tu, mwanangu."

Kikombe kikawekwa. Kikapoa. Entin alikitazama kikombe, akatazama mikwaruzo, kisha akatamani angebaki nyumbani kwake.

"Abah, Ijumaa unaswali wapi siku hizi?"

"Kwenye kiti, nyuma. Magoti yamegoma."

"Nyuma, mlangoni. Kwa hiyo unatoka wa kwanza."

Entin aliwageukia Nana na Oded akawaambia waende nyumbani, kazi imekwisha. Nana aliondoka. Oded aligoma.

"Mmeniita mwizi mbele ya mtaa! Siondoki mpaka nimjue!"

"Kang Oded, kaka yangu, nakuomba."

"Nini?"

"Mwache," alisema Abah. "Sema tu, Entin."

Entin aliketi mbele yake. "Nana asingepaka mafuta. Oded asingekwaruza. Aliyefanya hivi ni mtu wa injini, anayelipenda lori hili kiasi cha kutotaka matairi yake yabonyee, na hawezi kutuliza alenki mkononi. Kazi ya dakika moja ilimchukua muda wote watu walipokuwa wakitoka msikitini. Ni wewe, Abah."

Cecep aliruka. "Abah? La kwako mwenyewe? Miezi mitatu, Abah!"

"Mikono imekataa," alisema mzee, akiangalia sakafu. "Tangu mwezi wa Ramadhani. Wote chamani nimewafundisha mimi kushika rimoti. Kesho ningelipeleka lori kwenye mtaro mbele yao, kisha wangenipigia makofi ya huruma. Nilitaka tu kesho ipite. Nisamehe, Cecep. Niliona aibu."

Sauti ilimtoka Cecep nusu kilio. "Rimoti mpya ina kitufe, Abah! Kitufe kimoja! Kinapunguza ukali wa usukani, mkono ukitikisika kidogo lori halihisi! Ungeniambia tu! Vyuma kumi na moja nimeharibu!"

Oded, aliyekuwa akifuata midomo yao kwa macho, aliweka kikombe chini kwa kishindo.

"Karta, we mjinga kweli. Mimi sijasikia injini mwaka wa nne huu. Mnadhani kwa nini naupigania moshi? Nisipouona moshi sijui kama linawaka!"

Hakuna aliyejua hilo, hata mkewe. Abah akautoa mkono kwenye saruni. Ulitetemeka waziwazi mbele yao wote, na vidole vilivyofumbuliwa vilibeba gia ndogo inayong'aa. Cecep alinyoosha kiganja. Gia ikaruka, ikagonga saruji, tiing, ikapotea.

"Imeenda kulia!" alipiga kelele Cecep.

"Kushoto," alisema Entin, ameshapiga magoti, koti lake la kutokea likifagia unga wa chuma. "Nimeisikia kushoto."

"Chini ya kabati, mguu wa nyuma," alisema Oded. "Mimi nina macho."

Kabati lilijaa injini za chuma na halikusogea. Watatu walilala kifudifudi wakichokoa kwa ufagio na kulaumiana, na juu yao wakasikia sauti ambayo karakana ile haikuwa imeisikia tangu Ramadhani: Abah Karta anacheka hadi anakohoa.

"Entin," alisema, akijifuta machozi kwa mkono ule ule. "Si wewe mpelelezi? Tafuta, kesho nina lori la kuendesha."