Pazia la Maua Yanayotazama Chini

— Mama anaomba akuone uso. Washa video.

— Mtandao wa huku mbovu, mke wangu. Si unazijua kambi za ujenzi wa barabara?

— Ni mama yako anayeomba, si mimi.

Fundi cherehani alikuwa amemwegemeza mkwewe kifuani, simu mkononi. Tangu kiharusi kimwangushe yule mama, miezi minane sasa, ni yeye aliyemlisha, aliyemwosha na kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke. Kushona alishona katikati ya zamu hizo, macho yakiwaka kwa usingizi.

Video ikafunguka. Mume akatabasamu. Nyuma yake lilining'inia pazia la maua ya njano, yote yakitazama chini.

Fundi akaisogeza simu karibu na macho. Kosa lile lilikuwa lake. Uchovu ulimfanya akate kitambaa kichwa chini miguu juu, na mteja, dada mwenye duka la vipodozi, alicheka tu: "Acha, shoga. Mume wangu hata hatagundua."

— Pazia zuri, fundi alisema.

— Lipi?

— Hilo nyuma yako. Nimelishona mimi.

Video ikakatika. Ujumbe ukaingia: "Nitakueleza. Nyumba ilijaa harufu ya dawa, na wewe ukawa muuguzi, si mke tena. Usimwambie mama."

Alimpigia palepale.

— Muuguzi wa mama yako. Naye ameona na kusikia mwenyewe. Saa kumi anageuzwa. Zamu yako.

Safari ambayo siku zote mume alisema ni ya siku mbili ilimchukua dakika arobaini. Alikuta begi mlangoni na cherehani imefungwa kamba.

— Mkono huu chini ya bega, huu chini ya nyonga, fundi alimwelekeza. Usimburute.

— Mke wangu, mimi haya siyawezi.

— Hata mimi sikuyaweza.

Mama alikuwa ameshika mkono wa gauni la fundi kwa vidole vya upande usiopooza. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, kisha akaviachia kimoja kimoja.

— Nenda, mwanangu, alimwambia fundi kwa upande mmoja wa mdomo.

Hapo ndipo fundi alipolia, na alimlilia yule mama, si mwanaume aliyesimama na beseni mkononi.

— Utarudi lini? mume aliuliza.

— Nitakupigia. Ila mtandao wa huko mbovu.