Mkono wa Kumi na Mbili

Wanawake nyuma ya pazia walikuwa kumi na mmoja. Mikono iliyotokeza ilikuwa kumi na miwili. Atakayecheka na acheke.

Hospitali yetu ya tiba za asili za Kiyunani, katika mji mkongwe wa Hyderabad, ilikuwa ikifanya utafiti wa moyo. Nusu ya wagonjwa walipewa vifuko vya unga wa gome la mti wa arjuna, nusu unga wa dengu tu, na hakuna aliyejua kapata kipi, si mgonjwa wala tabibu. Kila Alhamisi asubuhi akina mama walikaa nyuma ya pazia, wakatoa mkono mmoja mmoja, naye mzee Tabibu Ghaus akasoma mapigo kwa vidole vitatu. Jina la mke wa mtu halitajwi ovyo mbele ya wanaume, kwa hiyo waliitwa kwa namba. Daktari Nuzhat aliandika. Namba tisa alikuwa mama yake mzazi, Bi Rafat, ambaye kupanda ngazi nne kwake ilikuwa safari.

Mkono wa kumi na mbili haukuwa na bangili. Ulinuka karafuu maiti.

"Moyo wa farasi huu," alisema Tabibu. "Mpe kifuko."

Nuzhat aliuwekea kifuko, kisha akafungua pazia ahesabu. Kumi na mmoja.

"Tabibu, mwenyewe yuko wapi?"

"Usiniulize mimi! Mimi nasoma mapigo, sihesabu vichwa." Mzee alifuta vidole kwenye kanzu. "Laa haula! Nimemsalimia, nimempa dawa. Ndiyo tumeshamfanya mgonjwa wetu huyo."

Alhamisi ya pili ukarudi. Tabibu aliugusa, akabadilika rangi.

"Mapigo haya nayajua," alinong'ona. "Ni ya namba nne."

Akasoma Ayatul Kursiyu harakaharaka, na ule mkono ukarudi ndani polepole bila pazia kutikisika, na wakati uleule namba nne, muuza bangili aliyekuwa akimsengenya mkwewe huku wenzake wakivunjika mbavu, alinyamaza katikati ya neno, akamlalia jirani yake mapajani, na hakuamka tena.

Nuzhat alijaza fomu ya kifo. Hakulia. Moyo wake ulikuwa kama jino lililodungwa sindano ya ganzi: alijua lipo, hakulisikia.

Alhamisi ya tatu Tabibu alitaka wafunge utafiti. Akina mama wakaja juu.

"Namba nne moyo wake ulikuwa mbovu kama yetu!" alisema Bi Rafat. "Soma, mzee wangu, tukanywe chai."

Akasoma. Alipofika namba tisa alibonyeza, akabonyeza tena, akamtazama Nuzhat.

"Sipati kitu, mwanangu."

Nuzhat alishika kifundo cha mkono wa mama yake. Kimya. Na mama mwenyewe nyuma ya pazia anaongea!

"Mbona mikono yako inaniunguza leo?" aliuliza Bi Rafat.

Halafu ule mkono mwingine ukatoka. Nuzhat aliuwahi kabla ya Tabibu, na chini ya vidole vyake akasikia pigo dogo, mawili ya haraka, kituo, kisha dogo tena, mapigo aliyoyalalia kifuani tangu ananyonya, ambayo angeyatambua hata akiwa kipofu na kiziwi.

"Auudhu billahi..." alianza Tabibu.

Nuzhat alimziba mdomo. Binti kumziba mdomo mzee wa umri ule, jamani!

"Usisome."

"Huyu si mtu, mwanangu."

"Najua. Ukimfukuza, anaondoka na mapigo ya mama, kama ya namba nne. Alhamisi ya kwanza alipewa kifuko, hakuna aliyekufa."

"Na hao wenzake tisa? Wana watoto, Nuzhat. Kesho itakuwa nani?"

Nuzhat aliwaangalia wale wengine kupitia upenyo wa pazia. Alitafuta huruma ndani yake, hakuiona. Hilo ndilo lililomwogopesha, na hata hofu yenyewe ilikuja kwa mbali.

"Nuzhat!" mama yake aliita. "Bado tu? Njaa inaniuma."

"Nakuja, mama."

Alichukua vifuko viwili, akaviweka kwenye kile kiganja baridi, akavikunjia vidole kimoja kimoja.

"Namba kumi na mbili," alisema kwa adabu, "Alhamisi usikose."