Kompresa Iliyovuta Pumzi

Kompresa mpya, ukiing'oa kile kizibo cha mpira kwenye mdomo wa bomba lake, hutoa pumzi. Pss! Ni hewa kavu iliyoshindiliwa humo kiwandani ili unyevu usiingie, na kila fundi friji huisubiri sauti hiyo kama mkunga anavyosubiri kilio.

Hii ilivuta.

Fundi aliisikia vizuri. Alikuwa amepiga goti nyuma ya friji ya jikoni kwake, saa nne asubuhi, jua tele dirishani. Kizibo kilipotoka, kompresa ikanyonya hewa taratibu, kwa muda mrefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji. Ndevu zake mbili tatu za kidevuni zikainama kuelekea tunduni.

"Eh," akasema. Kisha akafanya kile tunachokifanya wanaume wa umri wetu tukikutana na jambo la kutisha: akajifanya hajaona.

Karakanani walimwita Mizani. Friji hulishwa gesi kwa gramu, kwa hiyo fundi yeyote mwenye akili ana mzani. Lakini huyu alipima mpaka sukari ya chai. Mkewe alikuwa akisimulia kwamba siku ya kwanza Mizani alipoletwa kwa wakwe, alimtazama yeye juu mpaka chini, akataja kilo zake mbele ya baba yake mzazi, na ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba alipatia.

Mke huyo alikuwa na kisukari. Uhai wake ulikaa kwenye mlango wa friji, katika vichupa vidogo vya insulini visivyotakiwa kupata joto kali wala kuganda, maana ikishaganda haifai tena. Ndiyo sababu friji yao kongwe ilipokata roho, hakuna aliyesema tungoje mwezi ujao. Kompresa ilikuwa imekwama, na gesi yake ilikuwa ile ya zamani isiyouzwa tena. Ilibidi vibadilishwe vyote, kompresa na gesi, na mabomba yasafishwe mpaka ndani, kwa sababu mafuta ya zamani na gesi mpya ukiviweka pamoja vinagombana kama wake wenza kwenye jiko moja.

Kompresa alikuwa ameileta asubuhi ile Shemeji, yaani kaka wa mkewe, aliyefanya naye kazi karakana moja kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa ndani ya boksi jipya lililofungwa kwa utepe wa gundi. Alilinyanyua mpaka kifuani kwa Mizani.

"Zawadi hiyo, shemeji. Kwa ajili ya dada'angu. Pokea."

"Weka hapo mezani, mikono yangu imejaa mafuta."

"Zawadi haiwekwi mezani. Futa mikono. Pokea kwa mikono miwili."

Mizani akajifuta kwenye suruali, akapokea. "Asante, shemeji. Asante kutoka moyoni, kweli kabisa. Umeniokolea mke."

Shemeji akafumba macho, mabega yakamshuka kama ya mpagazi aliyetua gunia. Kisha akaaga. Hakuuliza kuna nini jikoni, yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupita mlango ule bila kufunua sufuria.

Mizani akaiweka zawadi kwenye mzani, kwa mazoea tu. Ilizidi uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake kwa gramu mia tano na hamsini.

"Wamejaza mafuta mengi," akajijibu. Kuipima zawadi ya shemeji ni utovu wa adabu. Kuipima na kisha kuitilia shaka kungekuwa ukorofi.

Akasukuma naitrojeni kwenye mabomba mpaka mafuta machafu yakaisha. Akabadili chujio, akalehemu, akafunga pampu ya kuvuta hewa, akaiacha ivute dakika arobaini na tano. Geji ikatulia. Akaweka mtungi wa gesi mpya juu ya mzani, akafungua valvu kidogo. Namba zikashuka: gramu kumi zimetoka, ishirini, hamsini, sitini. Sitini ndiyo zilizotakiwa. Akafunga.

Namba zikaanza kupanda.

Valvu imefungwa, mkono wake umeishika, na mtungi unaongezeka uzito: gramu mia, mia tatu, mia tano na hamsini. Hapo namba zikasimama kidogo, halafu zikarudi chini polepole mpaka pale pale mwanzo, kama mtu aliyechungulia chumba cha pili, akaona kile cha kwanza kina nafasi zaidi.

"Betri ya mzani," akasema fundi kwa sauti, ingawa jikoni hakukuwa na aliyemuuliza.

*

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mkewe akamwita. "Njoo uone kazi yako."

Friji ilikuwa inanguruma. Ndani, siagi ilikuwa imeyeyuka ikatapakaa, nyanya zimelegea, na joto lililotoka lilikuwa la kwapa. Lilitoka na harufu, ya nywele zilizolowa zikafungwa siku nyingi bila kukauka. Na katikati ya joto hilo, kwenye kishubaka cha mlangoni, kichupa cha insulini kilikuwa kimeganda mpaka kioo kikapasuka.

"Imekichagua," mkewe alinong'ona.

"Friji haichagui, mke wangu. Ni thamostati."

"Thamostati inajua dawa yangu ni ipi?"

Kichupa cha pili Mizani alikipeleka karakana, akakiweka kwenye friji ya mteja iliyokwisha kupona. Alasiri alikikuta jiwe, na pembeni yake soda ya mteja iko salama. Cha tatu walikiweka ndani ya beseni la maji chini ya kitanda. Maji yalibaki vuguvugu, kichupa kikaganda kikiwa kinaelea. Kufikia wiki ya pili mkewe alikuwa anakunywa maji bila kukoma, macho yake yana ukungu, na akisimama hushika ukuta. Kilibaki kichupa kimoja. Alikifumbata kiganjani mchana kutwa, akikilinda kwa joto lake mwenyewe.

Mchana huo huo Mizani akaingia jikoni kuimaliza ile kazi. Akachomoa plagi ukutani, akabaki ameishika, na friji ikaendelea kunguruma, na yeye akaitazama plagi, akautazama waya, akaufuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya friji kana kwamba huenda kuna mwingine uliojificha, na hakukuwa na mwingine, kulikuwa na kompresa tu, nyeusi, inatetemeka kwenye miguu yake ya mpira, na alipoinama akaona rangi imebanduka kwa joto, na chini ya rangi mpya kuna rangi kuukuu, na chini ya rangi kuukuu kuna kutu, na ule mngurumo aliokuwa ameuzoea ukaanza kukatika vipande, ukivuta, ukitoa, ukivuta, sawasawa na pumzi zake yeye, na alipozizuia pumzi zake ili asikilize, nao ukazuia, ukamsubiri.

Akatoka jikoni kinyumenyume.

"Ni kuukuu," alimwambia mkewe. "Imepakwa rangi. Ndugu yako ametapeliwa huko alikoinunua."

Mkewe alikuwa amekaa kitini, ngumi imefumbwa juu ya paja.

"Tangu alipoileta, kaka hajakanyaga hapa. Jumapili mbili. Karakana?"

"Alisema anaumwa."

"Mtu anayeumwa huja kwa dada yake aje kudekezwa." Akavuta simu. "Kaka? Njoo. Nimebakiwa na kichupa kimoja. Usiponikuta, basi."

*

Alikuja kabla ya alasiri, na binti yake wa miaka sita, Chiriku, mtoto asiyenyamaza hata akilala. Kila Jumapili Mizani alikuwa akimpandisha kwenye mzani wa karakana na kutangaza uzito wake kama bei ya mnadani, na mtoto hulipwa peremende kwa uvumilivu wake. Leo babake hakumwingiza ndani.

"Kaa hapo kizingitini. Usiguse kitu. Umesikia?"

"Hata mjomba?"

"Hata mjomba."

Shemeji akaingia, mikono mfukoni. Akakaa, mikono mfukoni.

"Maji hayo, kaka," dada yake akasema.

"Nimekunywa njiani."

"Juisi?"

"Tumbo."

"Wewe? Ulikula keki ya majirani iliyoletwa hapa kwa makosa, ukaomba na sahani ulambe. Leo tumbo?"

Hakucheka. Dada akainuka kwa kushika meza, akachukua glasi, akamnyooshea. "Pokea maji. Kutoka mkononi kwangu."

Mikono ya Shemeji ilizama zaidi mifukoni kama panya wawili guniani. Haikutoka.

Hapo Mizani akaikumbuka ile asubuhi. Futa mikono. Pokea kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema taratibu, "ulinipa nini?"

Kutoka jikoni mngurumo ulipungua, kama mtu anayeshusha redio asikilize mazungumzo.

"Nilinunua friji kwenye nyumba iliyokuwa inavunjwa," Shemeji akaanza, macho sakafuni. "Niliiweka sebuleni. Chiriku akaanza kuamka na midomo ya bluu. Saa saba mchana, jua la kukaanga mayai, na kope zake zina barafu. Hospitali tatu, hakuna aliyeona kitu. Mganga ndiye aliyeniambia kuna kitu ndani ya kompresa, na hakifukuzwi. Kinapokewa. Mtu akikipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa moyo wake, basi ndiye mwenyeji mpya. Na aliyekitoa hakimrudii tena, hata akikililia. Hivyo ndivyo alivyosema, ila mikono yangu haijaamini."

"Kwa hiyo ukapaka rangi," Mizani akasema.

"Nikapaka rangi. Nikatafuta boksi."

Dada yake aliweka glasi mezani. Ilichukua muda kufika mezani. "Dunia nzima hii, kaka. Ukanichagua mimi."

"Sikukuchagua!" Sauti ilimkatika, akairudisha chini. "Nilianza na wengine. Mmoja alisema weka hapo. Mwingine alipokea kwa mkono mmoja huku anaongea na simu. Yule wa duka la vipuri alishukuru kwa mdomo tu, kikarudi nami nyumbani. Dada, nimezunguka wiki nzima. Hakuna mtu duniani anayenishukuru kwa moyo wote. Nyinyi tu."

Mizani amepima vitu vingi maishani, lakini hilo hakuwa na mzani wake. Angeletewa tusi angejua pa kulirudisha. Hili lilikuwa pendo lao wenyewe, miaka kumi na tisa ya pendo, na ndilo lililotumiwa kama ufunguo.

"Miaka yote nilikugawia sahani yangu," akasema. "Ungeniambia, shemeji. Ungeniambia tu."

"Ungekipokea?"

Mizani akafungua mdomo. Friji ikazima.

Ulikuwa ukimya wa kwanza katika wiki mbili, na uliwaingia masikioni kama maji. Kisha wakasikia mlango wa friji ukifunguka, ile sauti ya mpira unaobanduka. Kisha nyayo ndogo.

Wote watatu wakatazama kizingiti. Hakukuwa na mtu. Mlango wa nyuma wa jikoni, ule wa kwenda uani, ulikuwa wazi.

"Baba, tazama!"

Chiriku alisimama mlangoni mwa sebule. Katika viganja viwili vilivyoungana alibeba bonge la barafu, safi, limekaa kama ngumi. Ukiacha vile vichupa, nyumba hiyo haikuwa na kipande cha barafu tangu ile zawadi ije. Jicho la Mizani, ambalo halikuwahi kuomba ruhusa, likalipima: gramu mia tano na hamsini.

"Nani..." Shemeji hakumaliza.

"Yule wa ndani. Ameniita jina langu, akanifungulia. Nikasema asante." Mtoto akanyoosha shingo kwa fahari. "Kwa mikono miwili, baba. Kama unavyonifundisha."

Mikono ya Shemeji ikachomoka mifukoni. "Nipe! Nipe mimi, mama, mpe baba, nakushukuru, asante, asante, lete!"

Mtoto akarudi hatua moja. Aliinamisha kichwa upande, kama anayenong'onezwa.

"Anasema wewe hapana. Anasema wewe ulishamtoa."

Jikoni friji ikawaka yenyewe. Safari hii mlio wake ulikuwa mwembamba, laini, wa friji iliyopona, ule ambao fundi akiusikia hufunga boksi la vifaa na kuagiza chai. Mkewe alifumbua kiganja. Kwenye shingo ya kichupa cha mwisho kulikuwa na pete ya barafu iliyokuwa imeanza kuota, na sasa ilikuwa inayeyuka. Tone likaanguka sakafuni. Dawa ilikuwa bado majimaji, nzima.

"Anasema mjomba anaweza," Chiriku akaendelea. "Au shangazi." Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Barafu haikuwa imedondosha hata tone moja. "Mjomba, chukua basi. Inaniuma vidole."

Shemeji alikuwa chini, magoti na viganja sakafuni. "Shemeji, nakuomba. Mimi nitupe, nipige, nifunge. Ni mtoto."

Mizani alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama yeye, machozi yanamtiririka, na kichupa alikuwa amekibana kifuani.

"Mjomba?"

Alimpenda mtoto yule. Tayari alikuwa ameinama kumfuata, tayari ameshampigia goti, tayari ulimi wake umeliandaa lile neno moja fupi la shukrani. Akatafuta mikono yake aitoe mbele.

Ilikuwa mfukoni, yote miwili, imefumbwa ngumi. Na hakukumbuka aliiingiza lini.