Fimbo ya Bi Tabu

Bi Tabu ni mdoli wa Tunu. Leo ana fimbo mpya ya chuma, imepinda mwishoni. Tunu ameiokota chini ya kochi.

Tok, tok, tok! Bi Tabu anatembea kwa madaha.

"Tunu, njoo mbio!" anaita Shangazi Sikudhani. "Mama anakuja na mtoto mchanga, na kitanda chake kinayumba!"

Kweli kabisa! Skrubu tatu zimelegea. Ukikigusa tu, kitanda kinacheza ngoma. Kwicha kwicha, kwicha kwicha!

"Mtoto ataanguka!" Tunu anaogopa.

"Tukaze skrubu," anasema Shangazi.

Skrubu ya kwanza ina mstari mmoja kichwani.

"Huyu hachagui," anasema Shangazi. "Hata mpini wa kijiko unamtosha."

*Zungusha, zungusha, kwiri kwiri kwiri!*
*Skrubu ingia, kitanda simama!*

Chwii! Kijiko kimeteleza. Kimeruka mpaka kwenye ndoo. Chubwi!

"Ubaya wake ndio huo," anasema Shangazi. "Anateleza!"

Tunu anacheka, anashika tumbo. Anajaribu tena, polepole. Skrubu imekaza!

Skrubu ya pili ina nyota kichwani.

"Huyu anataka bisibisi ya nyota," anasema Shangazi. "Anaishika vizuri. Lakini kandamiza! La sivyo nyota italika, abaki na kipara."

"Skrubu mwenye kipara!" Tunu anacheka tena. Anakandamiza kwa mikono miwili, ulimi nje.

*Zungusha, zungusha, kwiri kwiri kwiri!*
*Skrubu ingia, kitanda simama!*

Skrubu ya tatu ina tundu la pembe sita.

"Huyu ana nguvu kuliko wote," anasema Shangazi. "Hatelezi. Ila ana maringo! Anataka ufunguo wake tu, wa pembe sita."

Ufunguo uko wapi? Kwenye droo haupo. Kwenye kopo haupo. Ndani ya kiatu cha Shangazi? Haupo!

Piii, piii! Gari limefika mlangoni.

"Mtoto atalala wapi?" Tunu anataka kulia. Anamkumbatia Bi Tabu kwa nguvu.

Tok! Fimbo imeanguka.

Tunu anaiokota. Anaitazama ncha yake. Anahesabu pembe kwa kidole. Moja, mbili, tatu, nne, tano... sita!

"Shangazi! Ufunguo anao Bi Tabu!"

*Zungusha, zungusha, kwiri kwiri kwiri!*
*Skrubu ingia, kitanda simama!*

Mama anaingia. Anamlaza mtoto taratibu. Tunu anatikisa kitanda kidogo. Kimya! Hakuna kwicha hata moja.

"Nani amekitengeneza?" anauliza Mama.

"Mimi, Shangazi na Bi Tabu!" Tunu anarukaruka kwa furaha.

Usiku umeingia. Ufunguo umewekwa ndani ya kopo. Mtoto amelala. Tunu naye anapiga miayo, lakini hajamsahau Bi Tabu.

"Shika fimbo yako mpya," anamnong'oneza, na kumpa kijiko.

Tok... tok... tok. Bi Tabu anapanda kitandani kwa Tunu. Wote wawili wanalala.